Zanzibar ni nchi au si nchi? Tunagombania maana ipi?

MLETA MADA: Wakuu, hili jambo haliishi. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda alisema bungeni Zanzibar si nchi, Visiwani kukachafuka. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likajibu kwa kalamu: Katiba ya Zanzibar sasa inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Fungua Katiba ya Muungano, ibara ya 1: "Tanzania ni nchi moja." Mbili au moja? Naona kosa ni la neno. Toleo la Kiingereza la ibara hiyo limetumia neno lenye maana ya dola, Kiswahili kikaweka "nchi". Tuandike "dola", yaishe.

WA IRINGA: Dola gani tena, mkuu? Mtaani dola ni noti ya Mmarekani, au vile vyombo vya dola vyenye virungu. Bibi yangu akisoma "Tanzania ni dola moja" atauliza leo ni shilingi ngapi. Halafu Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2000, kesi ya uhaini ya wanachama wa chama cha siasa cha CUF: Zanzibar haina mamlaka kamili ya dola, kwa hiyo huwezi kuifanyia uhaini. Mnataka nini zaidi?

WA WETE: Ahsante ndugu yangu, umenisaidia. Mahakama imezungumzia dola. Mimi nazungumzia nchi. Mvuvi akirudi salama husema kafika nchi kavu, na mwananchi ni mwana wa nchi, si mwana wa serikali. Ukiniambia Zanzibar si nchi, mimi nasikia huna kwenu. Na hata hicho kiti cha Umoja wa Mataifa tulikuwa nacho, tangu Desemba 1963 hadi Muungano wa Aprili 1964.

MLETA MADA: Sheikh, hapo nakubali. Ila maana hizi zina gharama. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka Afrika, waliipa Zanzibar uanachama kamili, miezi minne baadaye wakautengua, eti si nchi. Mpira nao ukaingia kwenye kamusi!

WA IRINGA: Basi nami niulize. Katiba yenu inasema nchi mbili. Hiyo ya pili iko wapi? Haina bendera, haina rais wake, haina hata baraza. Mimi wa Iringa mwananchi wa ipi?

WA WETE: Hilo, kaka, waulize wa kwenu Dodoma.