Kurudia GRE: kozi ya mtandaoni, mwalimu wa binafsi au nijisomee? Nataka kulipia wiki hii

kalamukavu:
Wakuu, heshima kwenu. Nimefanya GRE, ule mtihani wa kuombea masters, na matokeo yameniangusha. Nilijiandaa miezi miwili, sikutarajia kuona namba zile kwenye skrini. Nataka kurudia. Mezani nina njia tatu: kozi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, mwalimu wa binafsi ambaye rafiki yangu kanielekeza, au nijifungie ndani na vitabu rasmi vya ETS, watungaji wa mtihani. Hela ninayo ya njia moja tu, na bado kuna ada ya mtihani wenyewe. Mwenye uzoefu anisaidie kuchagua. Nataka kulipa kabla wiki haijaisha. Asanteni.

bi_hisabati:
Mdogo wangu, umeandika aya nzima bila kutaja alama hata moja. Hesabu ngapi, lugha ngapi, insha ngapi? Unaomba masomo gani? Maombi yanafungwa lini? "Yameniangusha" haitoshi. Kuna anayelia na 162 na kuna anayesherehekea 150.

nusu_saa:
Aseme pia majaribio aliyofanya kabla ya mtihani yalimpa ngapi. Kama yalikuwa yanamletea namba hizohizo, basi alishaambiwa mapema, hakutaka kusikia tu.

mzee_wa_daftari:
Mimi nasema usilipe kitu kwanza. Tafuta daftari. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, liandike: swali lenyewe, ulichojibu, kwa nini ulijibu hivyo. Hilo la tatu ndilo lenye mali.

Nawapa mfano kutoka kwangu. Kiasi A ni x mraba, kiasi B ni x, na umeambiwa x ni kubwa kuliko sifuri. Kipi kikubwa? Nilibonyeza A ndani ya sekunde 10. Nilijaribu 2, nikajaribu 5, nikaridhika. Sikujaribu 1, ambapo vinalingana. Sikujaribu nusu, ambayo mraba wake ni robo, kwa hiyo B ndiyo inakuwa kubwa. Jibu ni D, haiwezi kujulikana. Kwenye daftari sikuandika "nisome aljebra". Niliandika "nimejaribu namba nzima tu". Baada ya wiki mbili nikapitia kurasa, sentensi hiyohiyo imejirudia mara 9! Aljebra nilikuwa naijua tangu sekondari. Sasa mwambie mwalimu akufundishe nini hapo?

kidato_cha_mwisho:
Mzee na daftari lake, kila uzi lazima alitaje 😂

mzee_wa_daftari:
Litakapoacha kufanya kazi nitaacha kulitaja.

kalamukavu:
Samahanini wakuu, niliona aibu. Hesabu 151, lugha 156, insha 3.5. Naomba masters ya takwimu vyuo vitatu. Cha kwanza kinafunga wiki 7 kuanzia leo. Mtihani nimefanya wiki mbili zilizopita. Jaribio nilifanya moja tu, lile la bure la POWERPREP, majaribio rasmi ya ETS ya mtandaoni, nikapata 154 hesabu na 157 lugha. Ila nilisimama katikati nikapokea simu, nikarudi baadaye nikamalizia.

bi_hisabati:
Takwimu na hesabu 151. Hapo aibu ilikuwa na sababu, tusidanganyane. Lugha yako haina shida, kamati ya takwimu itaanza na upande wa namba. Ila pia nenda kasome ukurasa wa kila chuo. Programu nyingi ziliondoa sharti la GRE kuanzia 2020 na si zote zimelirudisha. Pengine unahangaikia kitu ambacho nusu ya vyuo vyako havikitaki.

kalamukavu:
Viwili vinataka, kimoja wameandika ni hiari.

bi_hisabati:
Basi cha hiari usiwapelekee 151. Na ukirudia, una ruhusa ya kuchagua matokeo ya siku ipi yaende. Huwezi kuchukua hesabu ya siku hii na lugha ya siku ile, unatuma ya siku nzima. Lakini ile mbaya unaweza kuiacha ilipo.

nusu_saa:
Tupige kalenda kwanza. Mitihani miwili lazima ipishane siku 21, na mwisho ni mara 5 ndani ya miezi 12. Umeshamaliza siku 14, hapo huna tatizo. Matokeo rasmi hutoka kati ya siku 8 na 10. Wiki 7 ni siku 49. Toa 10, zinabaki 39. Toa tena siku chache za dharura. Ukifanya baada ya wiki ya tano unacheza pata potea. Kwa hiyo unazo wiki tano za kusoma. Kozi ya saa mia moja za video utaimalizia wapi?

Na hilo jaribio lako ulilopokea simu katikati, halihesabiki. Hesabu sehemu ya kwanza ni maswali 12 dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26. Haifiki dakika mbili kwa swali. Halafu ya pili inapangwa kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Ukiharibu mwanzo unapewa maswali mepesi, na hata ukiyapata yote dari la alama limeshashuka. Mtihani unaanza kukupima swali la kwanza, huna muda wa kupasha moto injini.

mtaka_cha_uvunguni:
Kuhusu kozi za kulipia, ngoja niseme yangu, yalinikuta. Ni refu, mnisamehe.

Nilijiunga na kozi moja, jina naliacha. Kilichonivuta ni ahadi: alama zisipopanda tunakurudishia hela yako. Nikajiambia hapa sina cha kupoteza. Mwezi wa kwanza raha tupu. Video nzuri, mwalimu mcheshi, kila somo likiisha inatokea alama ya kijani. Nikawa mtumwa wa ile kijani. Nikitoka kazini natazama masomo manne, nalala nimeshiba elimu. Kumbe mkono wangu haujagusa kalamu. Nikimwangalia yule bwana akitatua swali naona njia yote, kama nimeitatua mimi. Siku naanza jaribio, swali la uwezekano la aina ileile niliyoitazama juzi, nimekaa naitolea macho tu.

Nikarudia mtihani. Hesabu ilishuka alama 2. Nikawaandikia, nikumbusheni ahadi. Wakaniletea masharti: uwe umemaliza asilimia 100 ya masomo, mazoezi yote uwe umeyafanya kwa mpangilio wao, majaribio yote kwa tarehe walizopanga, na matokeo ya mwanzo uwe uliyapakia kabla ya kuanza kozi. Mimi matokeo niliyapakia siku ya nne. Siku ya nne! Barua pepe tisa tukaandikiana, kila jibu linaanza "tunaelewa unavyojisikia". Hela sikuiona. Na kadi yangu waliikata mwezi mwingine kwa sababu sikubonyeza pa kusitisha.

Sisemi kozi zote ni hivyo. Nasema usihesabu saa ulizotazama, hesabu maswali uliyotatua peke yako saa ikiwa inatembea.

kidato_cha_mwisho:
Pole mkuu. Lakini hiyo ni kosa la kutosoma masharti, si kosa la kozi. Mimi kozi ilinitoa 149 hadi 158.

mtaka_cha_uvunguni:
Kwa muda gani?

kidato_cha_mwisho:
Miezi minne, niliacha kazi.

nusu_saa:
😂😂 Ungeanza na hilo.

daraja_la_pili:
Kwa nini hakuna anayemwambia ahamie GMAT? Siku hizi haina insha, jiometri wameitoa, sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Na ukiboronga unarudia baada ya siku 16.

bi_hisabati:
Ndugu, kijana anaomba takwimu. GMAT ni ya shule za biashara, idara ya takwimu wataishangaa hiyo karatasi. Na sehemu ya hesabu ya GMAT haina kikokotoo, kipo kwenye Data Insights tu, ile sehemu ya kuchambua data. Mtu wa 151 unampeleka huko?

daraja_la_pili:
Kikokotoo ndicho kinachowaharibu wa GRE. Mtu anakibonyeza kutafuta asilimia 15 ya 80.

mzee_wa_daftari:
Hapo nakuunga mkono. Kile cha kwenye skrini unabofya kwa kipanya, kinakula sekunde. Kitumie kwenye mgawanyo mbaya na kipeuo cha pili, basi.

lulu_ya_msamiati:
Mbona mnasahau lugha? Nilikariri maneno 1,000 kwa kadi, nikapanda alama 6. Asubuhi 30, jioni 30.

nusu_saa:
Dada Lulu, lugha yake ni 156 na anaomba takwimu. Halafu orodha zenyewe zina mtego. Neno linalokuumiza si lile geni, ni lile unalodhani unalijua. "Qualified" kila mtu anajua ni mwenye sifa. Kwenye mtihani "qualified praise" ni sifa iliyowekewa mipaka, umemsifu mtu huku umeshika breki. Nani anaandika kadi ya "qualified"?

lulu_ya_msamiati:
Mimi niliandika. Ipo kwenye orodha yangu, namba 700 na kitu.

nusu_saa:
Haya, nimenyamaza.

kalamukavu:
Kwa hiyo wakuu, mwalimu wa binafsi je? Hakuna aliyemgusa.

bi_hisabati:
Nimefundisha kidogo, kwa hiyo nitegee sikio la tahadhari. Mwalimu anafaa kama unajua unachokwenda kumuuliza. Ukimwendea na "sijui hesabu" atakuanzishia sura ya kwanza, saa zinahesabiwa. Mwendee na maswali 20 uliyokosa na ulivyoyafikiria. Saa mbili tatu zinatosha, akuonyeshe unapojikwaa, kisha urudi kujisomea. Anayekutaka ulipie saa 30 kabla hajaona kosa lako hata moja, mwogope.

mtaka_cha_uvunguni:
Na majaribio rasmi usiyamalize yote wiki moja. Ya bure ni mawili tu, na moja umeshalichezea.

kalamukavu:
Nimewasikia. Jana usiku nimefanya kitu. Nilichukua maswali 12 ya hesabu kutoka kitabu rasmi, simu nikaipeleka chumba kingine, nikaweka dakika 21. Muda umeisha nikiwa swali la 9. Kati ya hayo 9 nimepata 8.

nusu_saa:
Mkuu!! Hiyo ni habari tofauti kabisa na uliyoleta mwanzo. Wewe hesabu unazijua, unachelewa.

bi_hisabati:
Swali la 4 au la 5 ulikaa muda gani?

kalamukavu:
La 5 kama dakika tano. Lilikuwa la mduara ndani ya mraba, nilikataa kuliacha.

mzee_wa_daftari:
Liandike hilo. "Nilikataa kuliacha". Ukurasa wa kwanza.

daraja_la_pili:
Na hizo tatu za mwisho ulijaza nini?

kalamukavu:
Sikujaza. Niliziacha tupu.

daraja_la_pili:
Kwenye mtihani wenyewe pia??

kalamukavu:
Ndiyo. Nilidhani ukikosa wanakata.

bi_hisabati:
Mungu wangu. GRE haikati alama kwa jibu baya. Jaza chochote, tia alama swali, ukipata sekunde rudi. Uliacha mangapi siku ile?

kalamukavu:
Nadhani manne, sehemu zote mbili. Au matano.

kidato_cha_mwisho:
Wakati tunasubiri akumbuke: anayefanyia nyumbani anaruhusiwa karatasi ya kawaida? Nina mtihani keshokutwa.

nusu_saa:
Hapana. Ubao mdogo mweupe, au karatasi ndani ya plastiki angavu na kalamu ya kufutika. Lakini wewe si ulisema ulishamaliza na 158?

kidato_cha_mwisho:
Narudia.