Kubota BX2380, B2601 au John Deere 1025R? Ekari 5, Karen

Mwenye_Toroli
Wakuu habari za jioni. Nasimamia shamba la ekari 5 huku Karen, Nairobi: ekari 3 nyasi za kikuyu, halafu zizi la farasi sita. Samadi inatoka toroli kumi na zaidi kwa siku, na vijana wangu wawili migongo imekwisha. Mwenye shamba amekubali trekta dogo lenye loda mbele (mikono ya kuinua ndoo) na deki, yaani mashine ya kukata nyasi, tumboni. Nimebaki na hayo matatu na nayaona mapacha: dizeli, silinda tatu, nguvu farasi 22 hadi 24 (wa injini, si wangu). Aprili ukilala wiki mbili nyasi ziko magotini, na tope la hapa linabaki na gambuti yako. Nichukue lipi?

Fundi_wa_Rongai
Mkuu, achana na hesabu ya injini, tazama tairi na loda. BX na 1025R yako chini chini, na loda zake zinainua kilo 300 na ushee. B2601 lina tairi kubwa, tumbo liko juu, loda inainua zaidi ya kilo 400. Samadi mbichi ni nzito, usidanganywe na harufu.

Halafu jambo la uzito wa nyuma. Nilikuwa na trekta dogo la mteja kwenye mteremko Ngong, ndoo imejaa murram iliyolowa. Tairi za nyuma zikaanza kurukaruka. Nakanyaga breki, linateremka tu! Breki ziko nyuma, na nyuma hakuna uzito wa kuzishikisha. Niliangusha ndoo chini, ikachimba, tukasimama. Siku hizi nikishuka lazima 4x4 iwe imeingia, mbele nako kushike, na nyuma nafunga nusu drumu la zege, kama kilo 240.

Shosho_Bustani
Mwanangu, mimi nina 1025R na kwa nyasi sina neno. Deki yangu ni ile unayoipanda na trekta, unapita juu yake na inajishika yenyewe. Hakuna kulala chini ya trekta. Na ni jepesi, halichori mifereji. Ila ukinunua lolote, deki itoe kabla ya kazi ya loda, la sivyo utaigonga kwenye mawe. Tairi za meno makubwa za kulimia usikubali, zitakuchania nyasi zote.

Mwenye_Toroli
Asanteni sana. Shosho, nyasi tunakata mara moja kwa wiki, samadi ni kila siku hata Krismasi, kwa hiyo naelemea B2601 lenye tairi za R4, zile za meno mapana ya wastani. Fundi, zege nimeshaagiza. Lakini leo nimepima mlango wa zizi: mita 1.9. Hakuna hata moja litakalopita bila kukunja nguzo ya kinga nyuma ya kiti. Kijana mmoja anataka kuvunja lenta. Nimemficha nyundo.