Tupeane uzoefu: kombaini ya mkoa wa Tanga, nani aliiona, nani aliichezea, na iliishia wapi?

Mgosi wa Makorora

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nimekaa kijiweni Barabara ya 12 na kikombe cha kahawa, vijana wanabishana Simba na Yanga kama kawaida. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mpira wa Tanga mimi niliuacha siku kombaini ilipokufa." Kijana mmoja akamgeukia: "Babu, kombaini ndiyo nini?" Mzee akamtazama, akamwaga masimbi ya kahawa chini, akanyanyuka.

Basi nikaona niulete huu mjadala hapa. Kwa wasioijua: kombaini ya mkoa ni timu ya kuchagua. Wilaya zinacheza zenyewe kwa zenyewe, vijana bora wanaokotwa Korogwe, Muheza, Lushoto, Pangani, Handeni na hapa mjini, wanaingizwa kambini bila kuulizana wewe wa klabu gani, wanavaa jezi moja, wanakwenda Kombe la Taifa kukutana na Mwanza, Kigoma, Mbeya, Morogoro. Wazee wetu walikuwa wanaliita Sunlight, jina la sabuni, tangu enzi za mkoloni. Wakati huo ligi ya taifa haijakuwapo (ilianza 1965), kwa hiyo ukitaka kuonekana na wanaochagua timu ya nchi, mlango ulikuwa mkoa wako.

Yangu ni haya. Nyumbani kwetu baba alikuwa Coastal Union, mjomba African Sports, klabu mbili pinzani za hapa mjini. Siku ya mechi ya watani mama alikuwa anapika mapema ili kila mtu ale kwa wakati wake, wasikutane kwenye sinia. Siku pekee niliyowahi kuwaona wale wawili wakiingia uwanja wa Mkwakwani kwa geti moja ni ya kombaini. Mimi nilibeba chupa ya chai. Tanga tukapata bao, mfungaji ni wa Coastal. Uwanja mzima juu. Mjomba hakunyanyuka. Alijipiga kofi moja gotini, paa, kisha akanyoosha mkono nimpe kikombe. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Leteni na yenu.

Kipa Mstaafu

Mgosi, umenigusa. Mimi niliidakia hiyo kombaini miaka ya tisini, natokea Muheza. Kwenye majaribio tulikuja mjini vijana saba juu ya lori la machungwa, tumekalia mzigo wenyewe. Tulipofika dereva alitupa machungwa manne manne akasema "hiyo ndiyo posho yenu". Kweli bwana, ndiyo ilikuwa posho ya siku ile.

Kambi yetu ilikuwa darasa la shule moja ya hapa mjini wakati wa likizo. Magodoro chini, madawati yamerundikwa kona moja, mbu wa Tanga mnawajua. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha, mchana ugali maharage, usiku ugali maharage yale ya mchana. Lakini niwaambie kitu: sijawahi kufundishwa mpira kama nilivyofundishwa wiki zile tatu. Beki aliyekuwa mbele yangu alikuwa mtu mzima wa kiwandani, ana watoto. Aliomba ruhusa kazini akaja kulala chini na sisi. Kila nikitoka golini vibaya hakunikaripia mbele za watu. Alinisogelea, akanielekeza kwa kidole: "Mpira ukitoka pembeni, wewe tazama bega la mpigaji, usitazame mpira." Mpaka leo nikiangalia kipa kwenye runinga anadanganywa na krosi, namkumbuka yule bwana.

Sasa jezi. Jezi zilikuwa seti moja tu, za mkoa, zinahesabiwa. Mechi ikiisha mnavua palepale, mtunza vifaa anaita namba, unatupia kwenye kiroba. Siku hiyo tumetoka sare, akaita moja mpaka kumi, akaita kumi na moja. Kimya. Akaita tena. Mlango ukafungwa. Tulikaa chumbani pale na mataulo viunoni mpaka saa mbili usiku, kila begi linapekuliwa. Haikupatikana. Meneja akatoa fedha yake mfukoni ili tuachiwe twende kula.

Mwana Kimanumanu

Hahaha, na mechi iliyofuata namba 11 alivaa nini?

Kipa Mstaafu

Alivaa 14 ya akiba. Hiyo hadithi ina mkia wake, nitarudi.

Mlalo Juu

Naomba nitie mchanga kwenye pilau lenu. Mnasema kombaini ya mkoa. Sisi wa Lushoto tulikuwa tunaiita kombaini ya Ngamiani, yaani ya watu wa mjini tu.

Mwaka wangu tuliitwa wawili kutoka wilayani. Nauli tulikopa kwa mwenye duka. Tumeshuka na basi la asubuhi, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, tunafika uwanjani saa tisa, wenzetu wameshapasha misuli. Nikawekwa winga ya kulia dakika kama kumi za mwisho. Nawaapia, mpira ulinifikia mara mbili. Mara ya kwanza umetoka nje kabla sijaugusa, mara ya pili refa kapuliza, mechi imeisha. Jamaa wa kiungo alikuwa anapasia wenzake wa klabu yake tu, mimi napiga makofi kule pembeni kama mshangiliaji. Jioni majina yakasomwa. Wilaya nzima ya Lushoto, na ukubwa ule, haikutoa hata mtu mmoja wa kubeba ndoo.

Kwa hiyo msinifanyie kombaini kuwa malaika. Waliochagua walikuwa na klabu zao moyoni. Na hiyo ya watani kukaa pamoja jukwaani sawa, lakini kwenye kupanga kikosi ilikuwa vita: Coastal wametoa watano, Sports nao lazima watoke watano, wa wilayani tugawane kilichobaki benchi.

Mgosi wa Makorora

Mlalo, pole sana ndugu yangu, na sikupingi. Baba mwenyewe alikuwa anahesabu kwa vidole nani wa wapi kabla mpira haujaanza.

Bibie wa Pangani

Sie wa Pangani hayo ya Mlalo twayajua. Kuvuka kivuko, barabara ya vumbi, ufike mjini umepauka kama mkate ulioanguka kwenye unga. Lakini mie nataka kusema jingine, maana naona hapa wanasema wanaume peke yao.

Mie niliuchezea mkoa, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, katikati ya miaka ya elfu mbili. Watu husema timu ya mkoa imekufa, mie nasema haijafa, imebaki kwa watoto wa shule. Kule bado waambiwa "nyie ni Tanga", mwapewa tisheti na track za rangi moja, mwapakiwa kwenye basi na ngoma nyuma, mwaenda kukutana na mikoa mingine. Basi letu liliimba kuanzia mjini hadi Segera. Baada ya Segera mwalimu wa nidhamu alitukataza, kisa nyimbo zimeanza kuelekea baikoko, ile ngoma ya kukata viuno.

Tulicheza na wasichana wa mkoa wa bara (siutaji, wasije kutucheka tena), wakatufunga saba. Saba! Mie beki wa kati. Usiku ule hakuna aliyekula. Lakini wenzangu watatu wa timu ile walionekana palepale, wakachukuliwa na timu za Dar. Kama si jezi ya mkoa nani angetufuata Pangani?

Halafu angalieni ilivyokwenda upande wetu. Mwaka 2015 kulikuwa na Kombe la Taifa la Wanawake, mikoa kwa mikoa. Mwaka uliofuata ikaanza Ligi Kuu ya Wanawake, na ligi ni ya klabu. Msichana wa Pangani sasa hana mkoa wa kuuchezea akimaliza shule, atafute klabu, na klabu haziko Pangani. Yaliyowachukua wanaume miaka mingi, kwetu yalikwisha kwa miezi.

Mshika Kibendera

Bibie kalenga penyewe. Nimeshika kibendera mechi za mkoa miaka mingi, niseme nilivyoona kutoka pembeni ya chaki.

Kombaini iliendeshwa na vitu viwili: ruhusa na usafiri. Ruhusa ilitoka kwa mwajiri. Wachezaji wengi wa Tanga walikuwa wafanyakazi wa bandari, reli, viwanda, mashamba ya mkonge. Bosi wa kiwanda aliona fahari kijana wake kuuchezea mkoa, anamlipa mshahara wake akiwa kambini, na lori au basi la kampuni linatolewa. Viwanda vilipoanza kufungwa na mkonge kuporomoka, vyote viwili vikaenda. Mchezaji akawa hana mwajiri ila klabu. Na klabu gani itakuachia mguu inaoulipia, ukavunjike kwenye mechi isiyo na faida kwake? Nimewahi kuona barua ya kumwita kijana kambini imerudi na jibu la mstari mmoja: "Ana majeraha." Jumamosi ile ile nikamshikia kibendera akicheza dakika tisini.

Baadaye alikuja mdhamini, bia, likaitwa Kili Taifa Cup. Jezi mpya, zawadi, magazeti yakaandika. 2011 bado lilikuwapo. Lakini niliona wazi, watu wa majukwaani hawakuwa wale. Vijana walikuja kutazama nani atasajiliwa. Hakuna aliyekuja kuitazama Tanga.

Na kamati ya ufundi, ile ya waganga, nayo isisahaulike, hahaha. Mechi za klabu kila upande una mtaalamu wake. Kwenye kombaini wataalamu wa pande zote mbili wanatakiwa kufanya kazi pamoja, na hapo ndipo tulikuwa tunapoteza mechi.

Mwana Kimanumanu

Mkuu wa kibendera usitutangaze, wageni wanasoma.

Mimi nilichotaka kusema ni cha klabu. Tuliambiwa kombaini ife tu, klabu zitaubeba mkoa. Haya. Coastal imeanzishwa 1948, ubingwa wa nchi imechukua mara moja, 1988. Mimi ni Sports damu lakini mwaka ule nilicheza ngoma barabarani na sikuona aibu. Halafu msimu wa 2015/16 tukashuka daraja wote watatu kwa mpigo: Coastal, Sports na Mgambo JKT. Mkoa uliokuwa na timu tatu Ligi Kuu ukaamka hauna hata moja. Miaka miwili Mkwakwani haikuona Ligi Kuu, mpaka Coastal waliporudi 2018. Zamani klabu zikiyumba, mkoa ulibaki na jezi yake. Safari hii hapakuwa na kitu cha kuvaa.

Wagosi Daima

Coastal hao hao 2022 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga pale Arusha, tatu tatu, Sopu kapiga hat-trick peke yake, Yanga wakatushinda kwa penalti. Na 2024 tulicheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msitulilie kama tumekufa.

Mwana Kimanumanu

Hongereni. Sasa niambie katika kikosi kile wangapi walikulia Makorora, Msambweni, Mabawa?

Wagosi Daima

Mpira wa sasa hauulizi ulikulia wapi.

Mwana Kimanumanu

Ndicho nilichosema.

Mwenyeji wa Bagamoyo

Naingilia kutoka Pwani. Nyie Tanga mko mbali na Dar kidogo, mna nafuu. Sisi tuko mlangoni. Kwenye Kombe la Taifa jiji la Dar lilikuwa linaingiza timu tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja mkoa wa kisoka. Kijana wa Bagamoyo akijua kuchezea mpira kidogo, anapanda daladala anakwenda kukaa kwa shangazi yake Tegeta, anachezea klabu ya huko, na kombaini ikiitwa yeye ni Kinondoni. Niliwahi kukaa jukwaani nikamwona mtoto wa jirani yetu, niliyemfundisha chandimu mwenyewe mchangani, anaifunga Pwani. Akanipungia mkono. Sikujua nipunge au nisipunge.

Nilipunga.

Mlalo Juu

Huyo angalau mpira ulimfikia.

Bibie wa Pangani

Kipa, watu twasubiri mkia wa jezi.

Kipa Mstaafu

Haya. Naandika hapa kwa sababu yule meneja hayupo tena duniani, Mungu amrehemu, na mtunza vifaa sidhani kama ana intaneti.

Mwenye namba 11 alikuwa rafiki yangu, tumetoka naye kwenye lori lile lile la machungwa. Refa alipopuliza tu, tukiwa tunaingia ndani, aliivua akaisokomeza kwenye mfuko wangu wa glovu, akaninong'oneza, "Nitunzie, nitakuja kuichukua." Mfuko wa glovu za kipa ulikuwa hauna anayeugusa. Glovu zenyewe zilikuwa moja tu mkoa mzima na zilinuka. Nilikaa saa zile zote na taulo kiunoni, jezi nimeikalia.

Wiki ile ile klabu moja ya Dar ilimfuata, akapanda basi la usiku. Hajarudi kuichukua. Ninayo hapa, kijani imefifia, namba imebanduka upande mmoja. Mwaka juzi mke wangu alitaka kuifanya tambara la kupigia deki, tukanuniana siku tatu.