Je, tusome Kitabu cha Henoko katika kikundi chetu cha Biblia?

Mwenyekiti wa kikundi, Nzuguni:
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kikundi chetu hapa Dodoma kina Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki. Alhamisi iliyopita tulipofika Yuda, mstari wa 14, mama mmoja mzee alivua miwani, akaweka kiganja juu ya ukurasa, akauliza: "Haya maneno ya Henoko yameandikwa wapi, mbona katika Mwanzo hayamo?" Nilikosa la kumjibu. Sasa vijana wanataka tusome vitabu vya apokrifa, yaani maandishi ya kale ambayo hayamo katika Biblia za makanisa yetu yote, na wazee wanahofu kwamba tutapotoka. Naomba ushauri.

Mwinjilisti, Mpwapwa:
Amina, mwenyekiti. Anzeni na swali la mama huyo. Maneno hayo yamo katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Henoko, maandishi ya Kiyahudi ya kabla ya Kristo, ambayo yametufikia yakiwa kamili kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa kuwa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huyahesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana mapangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Wazee wasiogope. Paulo naye aliwanukuu watunzi wa Kigiriki kule Athene (Matendo 17:28), wala hatujawahi kuwaita manabii kwa sababu hiyo.

Katekista, Kondoa:
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba sana msivitie vyote katika kapu moja. Tobiti, Hekima na Wamakabayo kwetu Wakatoliki ni Maandiko, kama Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa letu, ulivyotamka mwaka 1546, na Mkatoliki akisikia vikiitwa apokrifa ataumia hata kama atanyamaza. Yohana 10:22 inataja Sikukuu ya Kutabaruku, yaani ya kuweka wakfu hekalu upya, bila kueleza ilikotoka. Fungueni kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 4, mtamwona Yuda Makabayo na ndugu zake wakibomoa madhabahu iliyonajisiwa na kuyahifadhi mawe yake mpaka atokee nabii wa kuwaambia wayafanyeje. Injili ya Tomaso, iliyopatikana Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945, ni habari nyingine kabisa: ina semi 114, haisimulii msalaba wala ufufuko. Hiyo ingoje.

Mwenyekiti wa kikundi, Nzuguni:
Nawashukuru sana, hasa kwa hilo la neno apokrifa, maana nimelitamka mara nyingi mbele ya wenzetu bila kufikiri. Alhamisi mama atatusomea Yuda, kisha nitasoma sura ile ya Henoko. Wamakabayo tutaisoma juma linalofuata, katika Biblia ya mwenzetu Mkatoliki.