Elektrodi yangu ya oksidi ya chuma haitoi hata povu, nisaidieni

MwanaKatuba:
Wakubwa, jambo. Niko Lubumbashi, mwaka wa mwisho wa kemia. Kazi yangu ni kupasua maji kwa mwanga wa jua nipate hidrojeni. Nimechovya kioo kinachopitisha umeme katika kloridi ya chuma mara 12, nikakichoma kwa nyuzi 500, kikawa chekundu vizuri kabisa. Nikakitia kwenye hidroksidi ya sodiamu, nikakiunga kwa waya na kijiti cha grafiti, nikaanika juani saa sita mchana. Hakuna kitu. Zimebaki wiki tano, silali. Nihamie oksidi ya shaba? Shaba kwetu haikosekani.

YayaLikasi:
Mdogo wangu, usihame. Oksidi ya chuma inakula mwanga unaoonekana; ile ya titani, waliyoitumia wanakemia wa Japani Fujishima na Honda mwaka 1972, inakula urujuanimno tu, yaani mwanga usioonekana. Ugonjwa wa chuma uko kwingine. Mwanga ukipiga, elektroni inaondoka na kuacha tundu, na tundu hilo ndilo linalotoa oksijeni kwenye maji. Sasa, kwenye chuma tundu linatembea nanomita 2 hadi 4 tu (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kisha elektroni inalijaza. Lililozaliwa ndani ya tabaka nene halifiki majini. Ndiyo maana watu wanaotesha vijiti vya nano, vyembamba mno: mwanga unazama kwa urefu wa kijiti, tundu linafika majini kupitia ubavu. Michovyo 12 ni mingi mno.

Shaba nayo, oksidi yake nyekundu ikipigwa na mwanga majini inarudi kuwa shaba tupu, usipoifunika kwa tabaka jingine. Wiki tano hazitoshi.

FundiRuashi:
Naongeza. Hata ikiwa nyembamba, elektroni za oksidi ya chuma hazina nguvu ya kutoa hidrojeni peke yake. Isukume kwa paneli ndogo ya jua, lakini ubaki chini ya volti 1.23, kiasi ambacho kinadharia kinatosha kupasua maji bila mwanga, usije ukapima kazi ya paneli ukadhani ni ya kioo chako. Na povu usilitafute: miliampea 1 kwa saa nzima haifikishi nusu mililita ya hidrojeni. Weka multimita, kile kipima umeme, ziba jua kwa kartoni, fungua, ziba tena. Mkondo ukifuata kartoni, elektrodi iko hai. Kobalti kidogo juu ya uso itasaidia oksijeni kutoka, na kobalti tunayo!

MwanaKatuba:
Aksanti sana yaya, aksanti fundi. Nimeshakata vioo vitatu: michovyo 2, 3 na 5. Multimita nitaazima kwa jirani anayetengeneza redio. Kobalti niiweke kabla ya kuchoma ama baada?

FundiRuashi:
Baada. Chovya kwenye chumvi yake iliyozimuliwa sana, suuza, basi. Na vaa miwani, hidroksidi hiyo inapofusha.