Band of Brothers: yale maandishi ya mwisho kuhusu Blithe mnayachukuliaje?

BintiMwalimu (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kuitazama upya Band of Brothers, episodi zote kumi, safari hii na mdogo wangu ambaye alikuwa hajaiona. Kuna jambo limenikwama kooni. Ambao bado hamjaitazama, nitataja yaliyomo.

Naipenda tamthilia hii ya Vita Kuu ya Pili, niliweke hilo wazi. Tangu HBO waitoe 2001 zimekuja nyingine nyingi za vita, zenye milipuko mikubwa kuliko yake, lakini sijaona inayokufanya umjali askari namna ile. Hata ule usumbufu wa mwanzo, wote kofia za chuma, nyuso zimepakwa masizi, hujui nani ni nani, una faida yake: ukifika nao kwenye theluji ya Bastogne, Ubelgiji, unawatambua hata kwa migongo. Halafu wale wazee wanaozungumza mwanzoni mwa episodi. Ni askari wenyewe wa Kombania ya Easy, kikosi cha miavuli cha Divisheni ya 101 ya Marekani ambacho tamthilia inakifuata, ila majina yao hayatajwi mpaka ya kumi. Mzee anafuta machozi mbele yako na hujui ni yupi kati ya vijana unaowafuata, kwa hiyo hujui nani atatoka hai. Mdogo wangu kila usiku alikuwa anakisia, huyu Lipton, huyu Winters.

Kinachoniuma ni episodi ya tatu, ya Carentan, mji wa Normandy huko Ufaransa. Inamfuata Albert Blithe, kijana ambaye hofu imemziba macho. Winters, kamanda wake, anachuchumaa kando yake, anaongea naye taratibu, na macho yanarudi. Baadaye anajitolea kwenda kukagua nyumba ya shamba na anapigwa risasi ya shingo. Mwisho yanakuja maandishi: hakupona majeraha yake, alifariki 1948. Mdogo wangu hakusema neno mpaka tukazima.

Sasa, Blithe alipona. Alibaki jeshini, akapigana Korea, akapanda vyeo, akafariki Desemba 1967 huko Ujerumani akiwa bado mwanajeshi. Amezikwa Arlington, makaburi ya kijeshi ya Marekani. Miaka 19 ya mtu imefutwa kwa mstari mmoja.

Mazungumzo ya kubuni nayakubali, hakuna aliyekuwa na kinasa sauti ndani ya handaki. Lakini maandishi yale hayaji kama maigizo, yanakuja kama kumbukumbu. Mtazamaji anaacha kujiuliza. Ninyi mnalionaje hili? Na kuna mengine mliyoyaona?

Fundi_Redio

Dada, pole na hongera kwa kuileta mada. Mimi niliiona kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na siku hiyo kelele zote za kibandani zilikata pale Blithe alipopigwa. Kwa hiyo nakuelewa.

Ila nawatetea kidogo. Wenzake waliopigana naye waliamini kabisa kwamba amekufa. Aliondolewa Normandy akiwa majeruhi, hakurudi kwenye kombania, na wao hawakumwona tena. Mwandishi wa kitabu, Stephen Ambrose, alitegemea sana kumbukumbu za wazee hao, na tamthilia ikafuata kitabu. Hapo sioni uongo, naona wazee waliosimulia walichokijua.

Na msisahau walipofanya vizuri. Brécourt, huko huko Normandy, siku ya 6 Juni 1944: ile mizinga minne ya milimita 105, watu wachache wakiiteka mmoja baada ya mwingine kwa kupita ndani ya mahandaki ya Wajerumani wenyewe. Ukiitazama unaelewa mpangilio wa shambulio bila mtu kukueleza. Nani anapiga risasi ili Wajerumani wainamishe vichwa, nani anasogea. Kazi safi sana.

Mstaafu_Kigamboni

Nimevaa gwanda miaka mingi, kwa hiyo nitamsemea mtu ambaye hakuna anayemsemea: Luteni Norman Dike, aliyeiongoza Easy wakati wa Bastogne.

Kila ninayeongea naye kuhusu episodi ya saba anamcheka Dike. Anaganda nyuma ya lundo la majani pale Foy, kijiji cha karibu na Bastogne, askari wanamlilia amri, hana la kusema. Kisha Speirs, ofisa mwingine, anakuja, anashika kombania, anakimbia katikati ya Wajerumani kwenda kuungana na Kombania ya I na kurudi. Kukimbia kwa Speirs ni kweli, wameshuhudia waliokuwapo. Kwamba Dike hakuwaongoza vizuri siku ile, hilo pia wamelisema. Lakini Dike huyo huyo alipewa nishani ya Bronze Star mara mbili, na tamthilia haikutupa hata dakika moja ya kulijua hilo. Ilimhitaji awe mwoga ili Speirs awe steringi.

Kosa la Blithe linaweza kuwa la kumbukumbu, kama Fundi alivyosema. Hili la Dike ni uamuzi wa mtunzi, alipangiwa hivyo. Mimi linaniudhi zaidi.

mama_Zawadi

Episodi ya tisa. Inaanza na wanamuziki wanapiga vinanda katikati ya kifusi, maandishi yanasema 11 Aprili 1945, na ndani ya tukio hilo Nixon, ofisa rafiki wa Winters, anawapa wenzake habari kwamba Hitler amekufa. Hitler alikufa 30 Aprili! Huyo mhariri alikuwa wapi?

Halafu ile kambi ya mateso karibu na Landsberg, Ujerumani. Ni Kaufering IV, tawi la Dachau. Waliofika kwanza ni Divisheni ya 12 ya vifaru, 27 Aprili. Divisheni ya 101 ilifika kesho yake. Tamthilia inawapa Easy ugunduzi wote. Ila niseme ukweli, pale wanapoamriwa kuwafungia wafungwa ndani tena ili wasife kwa kula chakula kingi ghafla, na Liebgott, askari wa Easy anayejua Kijerumani, ndiye anatakiwa kuwatafsiria, nililia. Nikiambiwa wabadilishe tukio lile ili tarehe zikae sawa, nitakataa.

BintiMwalimu (Morogoro)

Asanteni, mmenisaidia kupanga mawazo.

Mama Zawadi, nakubaliana nawe. Kambi ilikuwapo, mateso yalikuwapo, na watu wa 101 waliyaona kwa macho yao. Kuwasogeza mbele siku moja hakumwibii mfungwa chochote. Na ile 11 Aprili ni uzembe, lakini uzembe unaosahihishwa na kitabu chochote cha shule.

Fundi, hoja yako ya kumbukumbu naipokea nusu. Mzee kuamini ni haki yake. Aliyeandika mwaka kwenye skrini alikuwa na wajibu mwingine. Jeshi la Marekani lina majalada, na kaburi lenye jina na mwaka lipo Arlington.

Labda jambo hili linanigusa kwa sababu ya kwetu. Babu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, alipelekwa Burma. Nyumbani ikaja habari kwamba amekufa, matanga yakakaliwa, na mgawo wa shamba ukaanza kuzungumzwa. Akarudi. Mpaka anazeeka kulikuwa na jamaa aliyekataa kurudisha sehemu yake, kwa hoja kwamba alishazikwa. Kumtangaza mtu marehemu kabla ya siku yake kuna watu wanaumia nako. Blithe naye alikuwa na familia.

Mzee wa Kigamboni, shikamoo. Hizo nishani za Dike alipewa kwa lipi? Nataka mdogo wangu ajue, maana naye amemcheka sana.

Mstaafu_Kigamboni

Marahaba binti. Ya kwanza ni ya Uden, Uholanzi, Septemba 1944. Ya pili ni Bastogne, siku chache kabla ya Foy: aliwatoa mwenyewe majeruhi watatu wa kombania yake mahali pa wazi, adui akimwona.