Jongoo wa masika: tupeane uzoefu

MwanaMuheza: Mvua imefungua huku kwetu, leo asubuhi nimekuta jongoo watatu kwenye ngazi ya jikoni, wale weusi urefu wa rula. Nimekumbuka mbali. Mliokulia shamba njooni.

Kidawa_T: Masika bila jongoo si masika.

MamaZai: Mie siwawezi. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, tunakaa Amani, nyuma ya nyumba migomba na majani yaliyooza tele, akaokota jongoo kajikunja, akawa anamminya eti afunguke, mdudu akatoa yale maji yake na mtoto akafikicha jicho. Ukelele ule sijausikia tena. Bibi wa jirani anasema mkamulie maziwa ya ziwa, baba yake anasema mafuta ya nazi, mie nimeganda na kikombe mkononi. Zahanati nesi akatugombeza, ilikuwa maji safi mengi palepale basi, akamsafisha mpaka shati zima likalowa, akatutuma kwa daktari wa macho. Jicho lilipona alhamdulillahi ila vidole vilibaki kahawia siku nyingi kama kapaka hina.

Shabby: Pole dada, ila huyo tandu. Jongoo hana neno.

MamaZai: Tandu namjua kaka! Tandu anakimbia na anauma, pingili moja miguu miwili. Huyu pingili moja miguu minne, anajikokota kama treni ya mizigo.

Kidawa_T: Kweli, jongoo haumi ila maji yake yanaunguza.

Mbali_na_Pwani: Mimi nipo Uingereza, huku yupo jongoo mfupi mweusi anang'aa, ukimgusa anakuwa gololi kabisa. Nilimkuta chini ya gogo msituni, ardhi ya chokaa.

Shabby: Huyo si jongoo, ni yule mdudu wa chini ya matofali anayejikunja, ukoo wa kaa wa baharini.

Mbali_na_Pwani: Nilidhani hivyohivyo. Nikamweka kiganjani nikatulia mpaka akajifungua. Wa ukoo wa kaa ana jozi 7 za miguu, huyu zinapita 15, tena mbilimbili kila pingili. Na chakula chake majani yaliyooza kama wa kwetu.

Shabby: Haya, nimekubali.

BabaMgomba: Mwageni majivu mlangoni hawaingii.

Kidawa_T: Acheni, ndio wanaowatengenezea mbolea! Fagia ukutani tu, migombani waachie majani yao.

MwanaMuheza: Wangu nimewabeba kwa kipande cha gamba la mgomba. Wawili wamezama chini ya majani, wa tatu bado kajikunja, nimemwachia.